Sifa ya Santuri ya Dansi

Katika sanaa zilizostawi nchini mwetu tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970, sioni iliyodai subira zaidi kuliko kuutia muziki wa dansi katika santuri. Kwani mwimbaji alisifiwa na mpiga gitaa akatunzwa fedha ukumbini, lakini kazi ya kuupunguza wimbo hata ukubali kukaa katika kisahani cha inchi saba, kizungukacho mara 45 kwa dakika, haikupata wa kuisifu.

Ukumbini wimbo haukuwa na haraka. Waimbaji walitangulia na mawaidha yao, wachezaji wakijongea taratibu. Kisha gitaa la solo likabadili mwendo, ridhimu na besi zikaukaza, tarumbeta zikaitikia kibwagizo, na raha ikaendelea mpaka wapigaji wenyewe watosheke. Santuri haikuwa na nafasi hiyo. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, basi aghalabu wimbo uligawanywa: mashairi upande wa kwanza, mchezo upande wa pili. Ustadi wa kiongozi wa bendi ulidhihirika hapo penye mkato, kwa kuwa ilimpasa kumwachia msikilizaji hamu ya kutosha kumwinua kitini akageuze santuri.

Wala studio za Radio Tanzania Dar es Salaam hazikumsitiri mzembe. Bendi ilipiga kwa pamoja, sauti na ala zikaingia katika utepe kwa mkupuo mmoja, na besi ilipoteleza katika ubeti wa mwisho, wote walirudi mwanzo. Kwa sababu hiyo nyimbo zile zina adabu ya mazungumzo ya wazee: kila mmoja husema kwa zamu, na anyamazaye huheshimiwa sawa na asemaye.

Sisi wa Singida tuna haki ya kumtaja katika jambo hili marehemu Patrick Balisidya, jirani yetu wa Dodoma, Mgogo kwa asili kama walivyo wenyeji wengi wa Manyoni yetu. Bendi yake, Afro 70, iliyojitambulisha kwa mtindo wa Afrosa, ilikaribisha kinanda cha umeme na makali ya gitaa la roki bila kuwaondoa wachezaji uwanjani. Na wimbo wake Harusi ungali ukipigwa katika arusi za watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotungwa. Mwaka 1977 Afro 70 ilikwenda Lagos katika tamasha la FESTAC, na baadaye Balisidya akarekodi albamu ya Bado Kijana pamoja na Archimedes, bendi ya Sweden. Huko Dar es Salaam, bendi ya Sunburst nayo iliichanganya roki na ngoma, ikaacha albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Hawa hawakuazima ugeni ili wajionyeshe; waliupima kwanza kwa miguu ya wachezaji.

Kutoa santuri kulikuwa mtihani mwingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, kwa hiyo tepu zilipelekwa Nairobi. Na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ikaharibika. Redio ikabaki kuwa duka na ukumbi kwa pamoja, na mtu wa Kiomboi au Ilongero, asiyepata kuiona bendi wala kuishika santuri yake, akaujua wimbo kwa moyo kwa fadhila ya betri.

Leo kijana wa Singida aweza kurekodi chumbani kwake kwa kompyuta, akafuta kosa, akarefusha wimbo apendavyo. Neema hiyo haistahili kubezwa. Lakini wepesi wa chombo haujapata kumfanya mtu kuwa fundi. Nawasihi vijana wetu wazisikilize nyimbo zile pande zote mbili, wakiangalia zaidi mahali zilipokatwa. Kisha wajiwekee mpaka wao wenyewe, kwa kuwa sasa hapana santuri ya kuwawekea.