Mkono Unaojua Nyasi

Ustadi wa kuzijua nyasi kwa pua na kiganja unatutoka polepole, na wa kwanza kulipia upotevu huo ni sungura mgonjwa. Akisusa hei, husemwa kwamba anadeka. Halaumiwi aliyeivuna nje ya wakati wake, wala aliyeifungia kwenye mfuko wa plastiki hadi ikaota ukungu. Kumfanya sungura dhaifu ale nyasi kavu za kutosha ni ufundi kamili, sawa na ule wa msusi wa mikeka achaguaye ukindu wake jani kwa jani, na unaanza kwa kulitilia shaka neno moja: "amekataa".

Mwili wenyewe ndio ushahidi. Meno ya sungura huota maisha yake yote. Ya mbele hurefuka takriban milimita 2 kwa wiki. Nyasi ndefu humlazimu kusaga taya upande kwa upande, na hapo ndipo magego hulika sawasawa. Nyuzi hizohizo ndizo zinazousukuma utumbo wake, na ukisimama, hana hata njia ya kutapika. Sungura wa ngano zetu aliwaponyoka simba na fisi kwa hila nyingi. Huyu wa kufugwa, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno, hila anayoitegemea ni kuficha maumivu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwake kifo hakichelewi: nusu siku bila kula ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo mlishaji hodari husoma kinyesi kabla ya kusoma uso. Punje kubwa za mviringo ni habari njema. Punje ndogo, nyeusi, zilizoshonana kwa manyoya, ni onyo.

Baada ya hapo huja nyasi zenyewe. Boma Rhodes ikikatwa inapoanza kuchanua hubaki na majani mengi laini na harufu tamu. Ikiachwa hadi mbegu zivunwe kwanza, kinachofungwa robota ni mabua. Mkono unaojua hukung'uta vumbi, hunusa, hutenga majani laini na mabua magumu, kisha huweka mafungu madogo mapya mara kadhaa kwa siku, karibu na mahali sungura anapojisaidia, maana hupenda kula akiwa hapohapo. Mwenye magego mabovu hukatiwa vipande vifupi. Aliyepoteza hamu huchanganyiwa majani machache ya nanaa. Lusini humvutia upesi, lakini kalsiamu yake nyingi hutokea kwenye mkojo, na kwa mwenye mchanga kwenye kibofu utamu huo ni madhara.

Wapo wasemao kwamba chakula cha punje kutoka kiwandani kina nyuzinyuzi hizohizo, tena kimepimwa. Kimepimwa kweli, ila nyuzi zimesagwa mno. Punje huvunjwa kwa kutafuna mara chache, taya halizunguki, na shibe huja kabla ya kazi kufanyika. Wengine husema kwa huruma kwamba mgonjwa apewe anachopenda. Katika saa za hatari, uji wa nyasi alioagiza daktari, ukitiwa mdomoni kwa bomba la sindano, huokoa maisha. Lakini mkate na ndizi huchachisha tumbo, na huruma ya namna hiyo humtuliza mlishaji kuliko mlishwa.

Tunachopoteza, basi, ni subira ya kuketi na fungu la majani na kuuliza lina kasoro gani, kabla ya kuuliza mnyama ana kasoro gani. Robota huuzwa kwa ukubwa wake, mfuko hununuliwa kwa picha iliyo juu yake, na pua haiulizwi tena. Katika nyumba ambamo hakuna ajuaye harufu ya nyasi njema, sungura hufa njaa mbele ya robota zima.