Mpiga gitaa la rithimu

Bendi zetu za zamani za Tanzania zilijiita Jazz, ingawa muziki wao ulikuwa wa dansi, wenye asili ya rumba ya Kuba: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964. Mwimbaji tunamkumbuka kwa jina. Mpiga solo naye ana wapenzi wake. Wa rithimu je?

Kazi yake ni kukariri. Anashika noti chache, anazizungusha tangu ubeti wa kwanza hadi chemko, pale wimbo unapoongeza kasi, hakimbii wala hachelewi. Mpiga solo anaweza kupotea njia akarudi, nasi tukamshangilia. Huyu wa rithimu akiteleza nusu ya pigo, wachezaji wanakanyagana. Mkono wa kulia hausimami. Wa kushoto unabana na kuachia nyuzi ili sauti ikatike kavu, isimfunike mwimbaji. Vidole vimeota sugu. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, anahamishia noti kwenye nyuzi zilizobaki na dansi linaendelea. Joto la ukumbini likilegeza nyuzi, anazikaza kwa sikio kati ya wimbo na wimbo. Na gitaa lenyewe mara nyingi ni mali ya bendi, si lake.

Studio za Redio Tanzania zilirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Akikosea mmoja, wote walianza upya. Hebu fikiria mzigo huo!

Zilipendwa zikipigwa leo redioni, mwache mwimbaji kidogo. Lifuate gitaa la rithimu peke yake, mwanzo hadi mwisho.