Elektroniki ndogo, kelele kidogo

Septemba 1967, Surveyor 5 ya Marekani ilitua mwezini ikiwa na chombo cha mkemia Anthony Turkevich cha kutambua elementi za udongo. Pamoja na elektroniki zake kilikaribia kilo 13. Julai 4, 1997, Pathfinder ilitua Mirihi na kigari Sojourner, chenye chombo cha ukoo huohuo kilichobuniwa Mainz, Ujerumani, na timu ya Rudolf Rieder. Hiki hakikufika kilo 1.

Haikuwezekana vinginevyo, kwani paneli ya jua ya Sojourner ilitoa wati 16 tu.

Ugumu wenyewe ulikuwa kelele ya umeme ndani ya saketi. Kuriamu-244, elementi nururifu iliyomo kwenye chombo, huyapiga mawe kwa chembe za alfa na eksirei, nayo mawe hujibu kwa eksirei zao, kila elementi na nishati yake. Eksirei moja ya chuma ikigonga kitambuzi cha silikoni huachia elektroni kama 1,750, na huo ndio ushahidi wote uliopo. Eksirei za alumini na za silikoni hutofautiana kwa elektroni-volti 250 hivi. Saketi ikipiga kelele kidogo tu, vilele vyao viwili kwenye grafu vinakuwa kimoja, na jiwe halisomeki tena.

Wahandisi wa vigari Spirit na Opportunity, vilivyotua Mirihi 2004, walitumia kitambuzi cha silikoni kinachozisukuma elektroni zote hadi kwenye anodi ndogo mno, huku transista ya kwanza ikiwa imejengwa palepale. Anodi ikiwa ndogo na waya ukiwa mfupi, kelele hupungua. Hapa udogo ulinunua usahihi, si nafasi peke yake. Huo ndio ufundi wa kustahili sifa. Baridi ya usiku wa Mirihi ilisaidia pia. Kigari Curiosity, kilichotua 2012, kilipewa kipozeo cha umeme ili kipime hata mchana.

Vitambuzi vya aina hiyo vimo leo kwenye bunduki za eksirei zinazoshikwa mkononi, ambamo mrija mdogo wa eksirei umechukua nafasi ya kuriamu. Wanunuzi wa koltani mashariki mwa Kongo huzitumia kusoma asilimia ya tantali iliyomo, ambayo ndiyo inayopanga bei. Tantali hiyo, inayochimbwa pia Kisengo, katika eneo la Nyunzu, hutengenezewa kapasita: chaji nyingi katika kipande kidogo, kwenye simu na kwenye vyombo vya anga.