Haskell na map: Lupu, Kwaheri!

Jamani, kitu hiki kilikuwa kimefichwa wapi? Nimefungua ghci, uwanja wa majaribio wa lugha ya Haskell, nikaandika map length ["embe", "nanasi", "papai"], nikabonyeza Enter, na papo hapo: [4,6,5]. Basi! Hakuna lupu. Hakuna kihesabio kinachoanzia sifuri. Hakuna kutengeneza orodha tupu na kuijaza kimoja kimoja. Unataja kazi, unataja orodha, yamekwisha.

Utamu wote ni huu: map ni fanksheni inayopokea fanksheni nyingine. Ipe length, itapima urefu. Ipe (*2), itazidisha kila namba mara mbili. Mwenzake filter huchuja: filter even [1..10] inabakiza shufwa tu. Kisha foldr, mkunjaji, huifanya orodha nzima kuwa jibu moja. Kwa mfano, foldr (+) 0 [3,5,7] ni 15. Na vyote vinaungana! foldr (+) 0 (map (*2) (filter even [1..10])) inatoa 60, kwa mstari mmoja unaosomwa kuanzia ndani kwenda nje.

Subiri, bado. Andika take 5 (map (^2) [1..]). Umeiona hiyo [1..]? Orodha isiyo na mwisho! Nilijua kompyuta itaganda. Wapi! [1,4,9,16,25], bila hata kusita. Haskell ni mvivu kwa makusudi: haikokotoi kitu mpaka kihitajike. Uvivu wa namna hii hata mwajiri angeulipia.

Wakongwe watanicheka, maana John McCarthy, mwasisi wa lugha ya Lisp, alishaonyesha maplist, inayokaribiana na map, katika makala yake ya Lisp ya 1960, na Haskell yenyewe ni ya 1990. Wacheke tu. Java ilisubiri vitu hivi hadi toleo la 8, mwaka 2014!

Dosari? Ipo. Andika map length 5 uone: badala ya kukwambia kwamba tano si orodha, GHC, kompaila ya Haskell, inakumwagia maneno kuhusu Num na instance mpaka kichwa kiume. Na kwa orodha kubwa sana, foldl, mkunjaji wa kuanzia kushoto, hulimbikiza hesabu kwenye kumbukumbu kwa uvivu uleule. Tumia foldl' ya Data.List.

Nyota tano kwa map na filter, nne kwa mkunjaji. GHC ni bure. Na wewe wa JavaScript huna kisingizio, unazo tayari map, filter na reduce: fungua konsoli ya kivinjari chako sasa hivi, ufute lupu moja.