Ufundi wa Kusali Rozari

Wapo wadhanio kwamba Rozari, kwa kuwa husaliwa na mtoto na kikongwe pasipo kitabu, haihitaji ustadi. Nami nadiriki kunena kinyume chake, kwa ushahidi wa nyumba za Old Korogwe, kandokando ya Mto Pangani, ambamo kila Oktoba wanajumuiya hukutana jioni, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakaketi juu ya mikeka na viti vya kuazima.

Ufundi wenyewe umo katika mwendo. Kiongozi huanza Salamu Maria, na hadhara huitikia Maria Mtakatifu. Akiwa na pupa, huwadakiza kabla hawajafika Amina, na akijikokota, wazee husinzia. Aliye fundi huacha pumzi moja, basi. Mtazame mkononi: kidole gumba kimeegemea punje ya mti iliyolainika kwa kushikwa, wala hakiisogezi mpaka itikio litimie, na kwa kuwa vidole ndivyo vishikavyo hesabu ya zile kumi, fikira huwa huru kumfuata Mariamu njiani kwenda kwa Elizabeti, au kusimama naye chini ya msalaba, moyo ukapata faragha katikati ya watu.

Nguvu ya itikio hilo ina historia yake hapa. Korogwe ni nchi ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893, na mashamba yake yaliwakusanya vibarua wa makabila mengi, wasiofanana kwa lugha wala kwa desturi. Mapadre wa Shirika la Rosmini walifika Tanganyika mwaka 1945, na Tanga ikawa jimbo mwaka 1958. Lakini naamini kwamba kilichowafanya waumini wa makambi ya vibarua hao kuwa jamaa ni ile nusu ya sala ambayo kila mgeni, akiisha kuihifadhi, aliweza kuitikia sawa na mwenyeji.

Mtihani mkubwa wa kiongozi ni msibani. Hapo mfiwa hukatwa sauti na kilio katikati ya sala, na kiongozi asiye na subira hukimbilia mwisho ili amwondolee taabu, kumbe amemnyima msaada. Hodari huendelea kwa kiasi kilekile, wengine wakambebea maneno, hata atakapoweza kurejea kwenye punje yoyote.

Kwa hiyo natamani vijana wapewe kuongoza mapema: mmoja na aanze tendo la kwanza, mzee aketi ubavuni pake, na akikosea, asahihishwe kwa upole, sala ikiisha.