Tanga hadi Maskati: Hesabu ya Kilomita na Hesabu ya Saa

Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi wa Maskati ni takriban kilomita 3,810. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hakuna abiria wa Tanga anayesafiri umbali huo.

Tuanze na jinsi namba kama hiyo inavyopatikana, kwa mfano rahisi wa Tanga hadi Dar es Salaam. Uwanja wa Tanga uko latitudo 5.09 kusini na wa Dar es Salaam 6.88, huku longitudo zao zikikaribiana sana. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Zidisha kwa tofauti ya 1.79 upate karibu 199. Basi linalopita Segera na Chalinze hutembea kama 350, maana barabara huingia bara kwanza.

Kwa Maskati latitudo na longitudo zote zinatofautiana mno, hivyo lazima mviringo wa dunia uingie kwenye hesabu. Njia fupi kuliko zote juu ya tufe ni kipande cha duara kuu. Nilipoichora njia hiyo nilifurahi: inatoka Tanga kuelekea kaskazini-mashariki, inapita karibu kabisa na Mombasa na Lamu, inakata Somalia, kisha inavuka Ghuba ya Aden. Manahodha waliopandisha majahazi Uarabuni kwa upepo wa kusi waliambaa sehemu kubwa ya pwani hiyohiyo.

Ndege kubwa ya kilomita 830 kwa saa ingeumaliza mstari huo kwa saa nne na dakika 35. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, unapata saa tano na ushei.

Ila Tanga imezoea ndege ndogo, kama Cessna Caravan. Abiria huanza kwa kurudi kusini, Dar es Salaam, ndipo aunganishe. Safari inakuwa kilomita 199 na 3,971, jumla 4,170. Ziada ni 360, na kipande cha kwanza kinampeleka mbali zaidi na aendako.

Kwenye kipande hicho kifupi upepo ni wa kuhesabiwa. Caravan huenda kama kilomita 300 kwa saa, na huruka chini, ndani ya pepo za msimu. Bila upepo, Tanga hadi Dar ni dakika 40 angani. Kusi ya kilomita 37 kwa saa ikija usoni, kasi juu ya ardhi hushuka hadi 263, na dakika zinafika 45. Ndege ikirudi Tanga huku kusi hiyohiyo ikiisukuma, ni 35. Umbali haujabadilika hata mita moja, ila saa zimebadilika. Kaskazi ikishika zamu, Desemba hadi Machi, mambo yanageuka.

Wapo wanaopendelea kuunganisha Zanzibar. Kwa kilomita wana haki: 127 na 3,908 ni 4,035, pungufu ya njia ya Dar kwa 135. Kwa ndege kubwa hizo ni kama dakika kumi tu. Abiria wa kimataifa hutakiwa uwanjani saa mbili au tatu kabla ya kuruka, na ndege ndogo ya asubuhi haimngojei mtu wa usiku. Mimi ningetazama kwanza ratiba ya kuunganisha, kisha ndiyo niangalie ramani.