Mizani, Uji na Sala

Mtoto hawezi kuleta roho yake kanisani akauacha mwili nyumbani. Anakuja mzima: na njaa yake, na homa yake, na daftari lililokwisha kurasa. Wahudumu wa Kikristo wanaompokea hivyo wanastahili pongezi, na wilaya ya Nachingwea ina mfano wake wa siku nyingi.

Mwaka 1949, Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika Tanganyika mwaka 1935, alihamia Mnero, wilayani humo, kwenye misheni ya Wabenediktini. Alipasua wagonjwa, akafundisha wauguzi, na alikuwa mtu wa skauti kwelikweli. Hilo la skauti lisipitwe haraka. Daktari mwenye wagonjwa mlangoni angeweza kusema kazi yake inaishia kwenye dawa. Yeye aliona vijana wanahitaji pia nidhamu, urafiki na moyo wa kusaidia. Tangu 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania.

Njia hiyo ina warithi. Shirika la Compassion, lililoanza kazi nchini mwaka 1999 kupitia makanisa ya mahali, hujenga malezi yake juu ya Luka 2:52: hekima, kimo, kumpendeza Mungu na watu.

Kazi yenyewe haina makuu. Mhudumu anampandisha mtoto kwenye mizani, anaandika kilo, anazilinganisha na za mara iliyopita. Zikipungua, anampa uji, anasali naye, kisha jioni anapiga hodi kwao kuuliza kulikoni.